Tairi la Nyuma

Jumatatu, Ramadhani kumi na tatu, katikati ya Novemba 2002, Bi Jokha Msabaha aliisukuma baiskeli isiyokuwa yake katikati ya soko la Walthamstow, London. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, koti jeusi limemfika vifundoni, mtandio wa kijivu, mkoba wa ngozi begani, na tangu alipoondoka Unguja akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili hakuwahi kupanda baiskeli hata mara moja. Wauza ndizi na soksi walimpisha. Mmoja akamwuliza kama yumo kwenye mashindano.

"Nimeshashinda," akajibu, akapita.

Kazi yake ilikuwa kuuliza. Mawakili wa ghorofani, juu ya duka la dawa, walimtuma kwenda kuthibitisha au kubomoa yaliyoandikwa kwenye mafaili, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amebomoa zaidi kuliko alivyothibitisha. Faili la safari hii lilikuwa jembamba. Harith Abdulsamad, dereva wa basi, miaka arubaini na tatu, alitoka kwake alfajiri ya Jumapili tarehe tatu kwenda kuendesha baiskeli, kama afanyavyo kila Jumapili. Saa moja na nusu mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alimkuta amelala kando ya barabara inayokata msitu wa Epping, nyonga imevunjika, kofia ya kichwani imepasuka vipande viwili. Hapakuwa na gari wala shahidi. Mwenyewe hakukumbuka alivyoanguka.

Alikumbuka jambo moja tu, na alilishikilia: wiki mbili kabla ya siku ile aliondoa matairi ya kiangazi akatia ya baridi, la mbele na la nyuma.

Mkaguzi wa bima aliitazama baiskeli siku nne baadaye na kuandika mistari mitatu. Tairi la nyuma ni la kiangazi. Limelika. Liliteleza kwenye majani yaliyolowa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kama tairi la baridi halipo, basi Harith anakumbuka kitu ambacho hakikutokea. Daktari akasema ubongo uliotikisika hujitungia. Na dereva anayekumbuka yasiyokuwapo harudishiwi usukani wa basi lenye abiria themanini.

"Mfupa utaunga, Bi Jokha," mkewe Harith, Miska, alimwambia siku alipokuja ofisini. "Lakini mume wangu ameanza kujiogopa. Juzi ameniuliza kama kweli tulioana Mombasa au ameota."

Duka la baiskeli lilikuwa nyuma ya soko, baina ya kinyozi na muuza vitambaa. Mwenyewe, Gurdial, alikuwa Kalasinga mnene mwenye kilemba cha buluu na vidole vilivyoingia weusi wa mafuta usiotoka tena. Alizaliwa Kisumu, akaondoka kijana, na Kiswahili chake hakikuwahi kuondoka huko.

"Karibu, mama. Chai?" Kisha akajipiga paji la uso. "Aa, samahani. Uko na mfungo."

"Haidhuru. Nimekuja kuuliza ulimuuzia nini Harith."

Gurdial aliitazama ile baiskeli, kisha akamtazama yeye. "Unaniuliza kama shahidi ama kama mshtakiwa?"

"Bado sijui."

Jibu hilo lilimpendeza, au pengine alikuwa amechoka kudanganywa kwa upole. Katika wiki mbili hizi, alisema, wateja watatu wa miaka mingi walikuwa wamepita mlangoni pake bila kuingia. Neno lilikuwa limeenea kwamba Kalasinga wa nyuma ya soko amemuuzia mtu tairi bovu kwa jina la jipya.

"Alikuja hapa Oktoba, Jumamosi. Alikaa saa nzima. Huyo Harith hanunui tairi, anaoa tairi." Akainama chini ya kaunta, akatoa matairi mawili na kuyalaza mbele ya Jokha. "Shika hii."

Lilikuwa jembamba na jepesi. Lilikunjika mkononi mwake kama mshipi.

"Hiyo ni ya kiangazi. Upana milimita ishirini na tatu. Mpira laini, ngozi nyembamba, unajaza upepo mpaka inakuwa ngumu kama mti. Barabara ikiwa kavu, inaruka. Sasa shika hii."

La pili lilikuwa zito kidogo, na Jokha alipolibonyeza katikati kwa dole gumba aliona linakataa.

"Ishirini na tano. Umesikia huo ugumu? Chini ya mpira kuna mshipi umefumwa. Wakati wa baridi mvua inaosha vijiwe vyenye makali inavileta barabarani, na mpira uliolowa unakatika upesi. Bila huo mshipi ni pancha kila siku. Na hii hujazi upepo sana. Unaiacha ilale kidogo, ishike chini."

Jokha alipitisha ukucha juu ya mpira. "Mbona halina meno? Nilidhani la baridi litakuwa na mistari mikubwa, kama la gari."

"Kila mtu anadhani hivyo! Harith pia. Alitaka ile pale." Akaonyesha tairi lenye vijumba vijumba lililoning'inia ukutani. "Nikamwambia, hiyo ni ya matope. Baiskeli si gari, ni nyembamba, inakata maji yenyewe kama kisu. Kwenye lami kinachokushikilia ni mpira wenyewe na upepo uliotia. Mistari ni ya kufurahisha macho. Akabisha, akabisha, mwisho akachukua hii. Mbili."

"Una hakika mbili?"

"Mbili."

"Na ulimfungia wewe?"

Gurdial akayarudisha matairi chini ya kaunta. "Hapana. Harith anajifungia mwenyewe nyumbani. Na hapo ndipo silali, mama. Kuna watu wanafunga mpya mbele, nyuma wanaacha ya zamani mpaka iishe kabisa. Kama alifanya hivyo, basi daktari ako sawa, na mimi sina la kusema."

Jokha naye alikuwa amekuja na dhana hiyohiyo mfukoni. Alikuwa na nyingine pia: baiskeli ilikaa saa nzima imeegemezwa kwenye ukuta wa baa iliyo karibu na msitu, ambako polisi waliiacha bila kuikagua. Mwizi angeweza kulichomoa gurudumu zuri.

"Mwizi anachukua," Gurdial alisema alipomweleza. "Haachi nyingine mahali pake, halafu afunge na mnyororo."

Dhana hiyo ikafa hapo hapo. "Basi itazame," Jokha akasema. "Mkaguzi alipiga picha, akaenda zake. Wewe itazame."

Gurdial akaipandisha baiskeli kwenye stendi ya kazi, akavaa miwani. Alianza mbele. Tairi la mbele lilikuwa la baridi, ishirini na tano, bado jipya, lakini limeshaanza kuchanwachanwa na vijiwe. Kwa ncha ya bisibisi alitoa kijiwe kimoja cheusi chenye makali, akakiweka juu ya kaunta. Kisha akazunguka nyuma.

Alilizungusha lile gurudumu polepole. Akalisimamisha. Akalizungusha tena. Jokha, aliyezoea kuwatazama watu wakisoma mikataba, alijua mtu anapofika kwenye mstari asioutarajia.

"Sema."

"Lete kidole, mama. Hapa katikati. Umesikia nini?"

"Pamelika. Pamekuwa bapa. Na panateleza, kama pamepigwa pasi."

"Sasa tafuta mkato. Jiwe, mkwaruzo, chochote."

Jokha alilipitia lote, mkono kwa mkono, mpaka akarudi kwenye kinywa cha kutilia upepo. Hapakuwa na kitu. Tairi lililokwisha kiasi kile halikuwa na jeraha hata moja.

"Hii haijakwisha barabarani," Gurdial alisema. "Barabara inauma, inachana. Hii imesagwa na chuma. Unajua ile stendi watu wanaweka nyumbani? Unafunga baiskeli, gurudumu la nyuma linakaa juu ya roli ya chuma, unaendesha kilomita hamsini na huendi popote. Roli inakula tairi katikati tu, inaifanya bapa hivi. Mtu mwenye akili hatii tairi nzuri pale. Anaweka gurudumu la zamani kando, kwa kazi hiyo tu."

"Na Harith anayo stendi?"

"Mimi nilimuuzia."

Jokha akavuta kiti akaketi. "Anaweza kulisahau. Ameendesha ndani Jumamosi, Jumapili akatoka nalo hivyo hivyo. Daktari atasema hivyo."

"Atasema." Gurdial aliinama tena, mara hii si kwenye tairi. Alikuwa akiichungulia fremu, pale chini ya kiti, mahali gurudumu linapokaribiana na bomba. Akawasha taa ndogo. "Lakini hii haitakubali."

Nyuma ya lile bomba, kuanzia chini hadi chini ya kiti, tope la msitu lilikuwa limerushwa likakauka, jeusi, na vipande vya majani vimegandamana ndani yake. Tope jingine lilikuwa kwenye breki ya nyuma, kwenye mnyororo, kila mahali. Jokha alihamisha macho yake kutoka kwenye tope hadi kwenye tairi. Ubavu wa tairi ulikuwa safi. Spoki zilikuwa safi. Vyuma vya gea vilivyoshikamana na gurudumu vilikuwa vinang'aa, ilhali mnyororo uliovikalia ulikuwa umejaa mchanga.

"Tope limerushwa na gurudumu la nyuma," alisema taratibu, kama mtu anayeandikisha. "Na gurudumu la nyuma halina tope."

"Hii haikwenda msituni, mama."

"Basi lililokwenda msituni lilitolewa baada ya ajali. Na aliyelitoa alijua pa kulipata jingine." Akainuka, akafunga vifungo vya koti. "Bwana Gurdial, sasa najua. Wewe ni shahidi."

Nyumba ya Harith na Miska ilikuwa ya matofali mekundu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Miska alimfungulia kibanda cha uani bila kuuliza. Stendi ilikuwepo, roli yake ya chuma imepakaa vumbi jeusi la mpira. Ukutani palikuwa na kulabu mbili. Moja ilikuwa na koti la mvua, ya pili ilikuwa tupu.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Gurudumu lake la mazoezi," Miska akasema. Kisha akaiangalia ile kulabu vizuri. "Lilikuwa hapa. Sijui lini..."

"Nani aliileta baiskeli kutoka msituni?"

"Suhaib. Kaka yangu. Nilimpigia simu kwenye saa mbili, mie niko kwenye gari la wagonjwa, nikamwambia aende akaichukue pale baa. Alhamdulillahi hakuwa mbali. Alikuwa Loughton, anatandika zulia kwa mtu."

Jokha alikuwa akiiona ramani kichwani. Kwenda Loughton kutoka huku, barabara ni ile ile inayokata msitu.

"Aliiweka mwenyewe humu kibandani?"

"Mwenyewe. Mie nilikuwa hospitali hadi jioni." Miska alikuwa mwerevu, sauti yake ikapungua. "Kwa nini, Bi Jokha?"

"Anakuja leo?"

"Saa nane. Ananipeleka hospitali kila siku. Hajakosa hata siku moja."

Saa nane kasorobo vani nyeupe ilisimama mbele ya nyumba. Jokha alikuwa ameshatoka nje, baiskeli kaiegemeza kwenye ua mdogo wa mbele, na alimwomba Miska abaki ndani avae viatu, asiharakishe. Kabla dereva hajazima injini Jokha alikuwa ameshaona taa za mbele. Kioo cha taa ya kulia kilikuwa na ukungu wa miaka mingi. Cha kushoto kilikuwa kipya, cheupe kama barafu.

Suhaib alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano hivi, mrefu, magoti ya suruali yamechakaa kwa kazi ya kupiga magoti. Alimsalimia kwa heshima, akaiona baiskeli, akaitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

"Bi Jokha. Mmeitoa?"

"Nilimpelekea fundi. Nisaidie kitu, mwanangu, maana mimi baiskeli sizijui. Siku ile ulipoichukua, gurudumu la nyuma lilikuwa linazunguka?"

"Linazunguka vizuri. Niliisukuma mpaka kwenye vani."

"Halikupinda?"

"Halikupinda."

"Na baiskeli ilikuwa chafu?"

"Chafu, Bi Jokha! Matope matupu. Magurudumu yamejaa, yalinichafulia zulia la watu, ikabidi nilifute."

"Magurudumu yote mawili?"

"Yote mawili."

Jokha akaitikia kwa kichwa polepole, kama aliyeridhika. Kisha akatoa glavu nyeupe mkobani, akaivaa, akainama, akapitisha kidole ubavuni mwa tairi la nyuma, kwenye spoki, kwenye vyuma vya gea, akakiinua mbele ya macho ya Suhaib. Kilikuwa cheupe vile vile.

"Basi niambie, gurudumu la nyuma lenye matope liko wapi? Maana hili halijawahi kuuona msitu."

Basi la ghorofa lilipita mwisho wa mtaa. Suhaib aliangalia dirisha la nyumba, akaangalia mikono yake. Kisha akakaa kwenye ngazi ya vani.

"Sikujua," akasema. "Wallahi, Bi Jokha, sikujua. Kulikuwa na giza bado, mvua. Nilisikia kitu kimegonga kushoto. Nikadhani tawi, msituni matawi huanguka. Nilitazama kwenye kioo sikuona mtu. Nikaenda zangu. Miska aliponipigia na kuniambia mahali, ndipo nilipoukumbuka ule mlio. Nikafika pale baa, nikaona gurudumu limekunjika, na rangi nyeupe ya vani yangu iko kwenye rimu."

"Ukalibadilisha."

"Nilijua lile la mazoezi liko kibandani. Nilidhani watasema ameteleza, basi. Mtu huteleza. Leseni yangu ina alama za makosa za kutosha, ikienda, kazi imekwenda, na wanangu watatu." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilikusudia kumhudumia mpaka atembee."

"Wanamwambia akili yake imeharibika," Jokha akasema. Hakupandisha sauti. "Unampelekea uji kila siku, unakaa pale kitandani, unamsikia anasema nilitia matairi ya baridi, nilitia. Na wewe peke yako katika London nzima unajua kwamba ni kweli. Nyonga ulimvunja bila kujua, Suhaib. Hili la pili unalifanya ukijua, kila siku saa nane."

Suhaib aliinuka, akafungua milango ya nyuma ya vani, akasogeza mabunda ya zulia, na kutoka chini kabisa akavuta kitu kilichofungwa gunia. Gurudumu lilikuwa limekunjika upande mmoja. Juu yake, tairi la baridi, milimita ishirini na tano, tope la msitu limekauka ubavuni.

"Mara mbili nimelipeleka jaani," akasema. "Mara zote mbili nimerudi nalo."

Miska alikuwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Hakupiga kelele. Alirudi ndani, akatoka na viatu vyote viwili na bakuli la tende limefunikwa, akapita mbele ya kaka yake, akamwambia Jokha, "Twende kwa basi."

"Twende sote," Jokha akasema. "Hili inafaa Harith alisikie kwa aliyelifanya."

Walimkuta Harith ameinuliwa kwa mito, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma vya uzito, ndevu zimeanza kuota vibaya. Jokha aliliegemeza lile gurudumu kwenye mguu wa kitanda, akavuta pazia, akarudi nyuma. Suhaib alisimama. Alizungumza dakika tatu au nne, macho yake yakiwa kwenye shuka, na hakujitetea kwa watoto wala kwa leseni.

Alipomaliza, Harith hakumtazama. Alinyoosha mkono, akalishika tairi, akalibonyeza katikati kwa dole gumba, mara moja, mara mbili.

"Nilitia," akasema.

"Ulitia," Jokha akasema. "Yote mawili."

Harith alifumba macho. Kifua kilimpanda na kushuka, na machozi yalimtoka bila sauti, yakaingia masikioni, naye hakuyafuta. Miska alimshika kiganja.

"Mwiteni yule daktari anayeniuliza kila asubuhi huu ni mwezi gani," Harith akasema. "Nataka nimwulize yeye."

"Nitamwita," Jokha akasema. "Na Suhaib atakwenda nami kituo cha polisi, atasema kama alivyosema hapa. Gurudumu litakwenda naye. Kesho ripoti yangu itakuwa kwa wakili, na kwa Bwana Gurdial nitapita mwenyewe."

"Niko tayari," Suhaib akasema. "Harith, mimi..."

"Bado," Harith akamkata. "Usiniombe leo. Leo sina cha kukupa."

Nje dirishani taa za maegesho zilikuwa zimeshawaka. Saa ya ukutani ilifika kumi na dakika saba, na magharibi ya mapema ya Novemba ikawa imeingia. Miska alifunua bakuli, akampa Jokha tende, akachukua yake, akalifunika. Suhaib alisimama karibu na pazia, mikono imelegea, midomo imekauka kwa mfungo wa kutwa.

Harith alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Mpe na yeye," alimwambia mkewe. "Kituoni hawana futari."

Miska akafunua bakuli tena, akatoa tende moja, akaiweka kwenye kiganja cha kaka yake bila kumtazama. Suhaib alisema bismillahi, akaila, na mbegu akaibakiza mkononi kwa kukosa pa kuitupa. Jokha akachukua mkoba wake, Suhaib akalibeba gurudumu, wakatoka.